Ua wa mita 10 kwa 8: ninunue mashine gani ya kukata majani?

#1 Jirani_Mpya
Wakuu salaam. Nimehamia nyumba yenye ua mdogo, nimeupima kwa hatua nikapata kama mita 10 kwa 8. Aliyetangulia ameniachia ukoka mzuri, mti mmoja uliotoa mizizi juu ya ardhi, tuta la maua linalopinda kama nyoka, na njia ya pembeni ambayo ukipita na godoro lazima ulisimamishe. Stoo hakuna, ila kuna uwazi chini ya ngazi.

Muuzaji ananisukumia ya petroli, upana wa sentimita 51, anasema chukua kubwa umalize haraka. Mke wangu anataka ya betri kwa ajili ya kelele, mtoto bado analala mchana. Shemeji anasema niache mambo mengi, ninunue fyekeo. Nani yuko sahihi? Naomba uzoefu, sio matangazo.

#2 Nyundo_Moja
Shemeji yuko sahihi. Uzi ufungwe.

#3 Siti_ya_Mbele
Nimeweka kambi hapa. Ua wangu ni huo huo na majani yameshaanza kuficha viatu.

#4 MamaUkoka
Mleta mada, unaanzia mwisho. Anza na majani, mashine itajileta yenyewe. Umesema ni ukoka. Ukoka unatambaa, unapenda kukatwa chini, sentimita 2 mpaka 4, na ukiuacha urefuke unakuwa godoro: juu kijani, chini vijiti vikavu. Siku ukishusha kisu unabaki na vijiti. Yale majani mapana ya kivulini ni kinyume chake, yanataka 6 mpaka 8, ukiyanyoa chini yanakufa.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si petroli au betri. Ni hii mashine inashuka mpaka sentimita ngapi, na inabadilishwa urefu kwa mkono mmoja au kwa kufungua tairi moja moja kwa spana. Ile ya kufungua tairi utaibadilisha siku ya kwanza tu, hutaigusa tena.

#5 Daftari
Nimefanya hesabu ya huyo muuzaji.

Mashine ndogo, ya upana wa sentimita 33, ukipishanisha mistari kidogo, inakukatia kama 28. Mita za mraba 80 gawanya kwa 0.28 ni kutembea mita 286. Kwa mwendo wa taratibu, mita 50 kwa dakika, haifiki dakika 6.

Ya sentimita 51 tuseme inakukatia 46. Mita 174, dakika tatu na nusu.

Unaokoa dakika mbili na kidogo, halafu unazimaliza zote kuigeuza kwenye lile tuta la nyoka. Na kama godoro halipiti njiani, hiyo mashine utaipitishia wapi?

#6 Jirani_Mpya
@Daftari hahaha, sikuwa nimefikiria njia. Narudi kupima.

#7 FundiKimya
Mimi natengeneza injini ndogo. Siwezi kukwambia ununue nini, ila nakwambia kinacholetwa kwangu.

Mashine za petroli za viwanja vikubwa zinakuja zimechoka: beringi, mkanda, kisu kimekwisha. Za nyua ndogo zinakuja nzima kabisa, rangi inang'aa, hazitaki kuwaka. Inafanya kazi dakika kumi, inakaa wiki mbili. Kikija kiangazi inakaa miezi. Petroli inalala ndani ya kabureta, sehemu nyepesi inapaa, inayobaki inakuwa kama ulimbo. Jeti, ile pua ya kupitishia mafuta humo ndani, ina kitundu chembamba kuliko ncha ya kalamu, kikishikwa na huo ulimbo basi. Mwenyewe anavuta kamba mpaka bega linauma, anasema plagi imekufa. Plagi ni nzima.

Ukichukua petroli jifunze hili moja: kama hutakata mwezi mzima, funga koki ya mafuta uiache injini ijimalizie yenyewe mpaka izime. Isiyo na koki, toa mafuta kwenye tangi kwanza.

#8 Chuma_Chakavu
Fundi namheshimu lakini anatutisha. Yangu ni ya petroli, mwaka wa 19 huu, mvuto wa pili inawaka. Mvua ikinyesha siku nne mfululizo, majani yamelowa na kurefuka, hapo ndipo utajua nani mwanaume. Betri inanguruma kidogo, inazima. Halafu betri yenyewe ikifa unaambiwa bei ya mpya inakaribia mashine nzima. Kama lazima betri, chukua ya volti 40, usidanganywe na ya 36, ni dhaifu.

#9 Nyundo_Moja
Fyekeo halina kabureta. Naendelea kusoma.

#10 Kelele_Sitaki
@Chuma_Chakavu hapo kwenye 40 na 36 umeingizwa mjini, na si wewe tu. Ni betri ile ile. Ndani kuna seli 10 zimepangwa mstari. Kila moja kwa kawaida inahesabiwa volti 3.6, kumi ni 36. Ikitoka kwenye chaji inapanda mpaka kama 4, wenye maneno wanaandika 40 kwenye boksi.

Cha kuangalia ni volti mara zile ampea-saa. Betri ya ampea-saa 4: 36 mara 4 ni 144, hizo ni wati-saa, yaani umeme uliobebwa ndani. Mashine ikivuta wati 500 unapata dakika kama 17. Kwa ua wa mleta mada ni zaidi ya kutosha, ana akiba hata akisimama kuongea na jirani. Majani yakilowa inavuta zaidi, hapo nakubaliana na wewe, dakika zinapungua. Lakini kwani nani kakulazimisha kukata majani yaliyolowa? Yanagandamana chini ya mashine kama uji uliosahaulika.

Mimi nina tatu kichwani tu: betri isikae juani, isihifadhiwe ikiwa imejaa kabisa wala imekauka, na isichajiwe ikiwa bado ya moto. Mwaka wa tano huu.

#11 Chuma_Chakavu
Mwaka wa tano. Mimi 19. Nimemaliza.

#12 Kelele_Sitaki
Majirani zako nao wamehesabu 19.

#13 Babu_wa_Silinda
Vijana mnagombana na hamjataja mashine ambayo haina betri, haina petroli, haina waya, na mtoto halii. Ya kusukuma kwa mkono, ya silinda. Visu vinazunguka vinakutana na ubao wa chuma chini, vinakata kama mkasi. Hizo zenu zinachapa jani kwa kasi mpaka likatike, hazikati.

Kuipima ni rahisi. Chukua kipande cha gazeti, kiingize kati ya kisu na chuma cha chini, zungusha polepole kwa mkono wenye glavu. Gazeti likikatika safi mwanzo mpaka mwisho, kaza mkono uende bustanini. Likikunjika, kaza zile bolti mbili za pembeni, robo kwa robo, upande huu kisha huu. Usikaze mpaka ivute nzito, kisu kinatakiwa kulibusu chuma tu.

Mita 80 ni mazoezi ya asubuhi. Teknolojia ya Wamarekani hiyo ya miaka ya 1900, haijapitwa.

#14 Daftari
Babu shikamoo. Marekebisho madogo: si Mmarekani na si 1900. Ni Mwingereza, Edwin Budding, wa Stroud, na hati ya ubunifu wake ni ya 1830. Alichukua wazo kwenye mashine za viwanda vya nguo, zile za kunyoa manyoya juu ya kitambaa cha sufu ili kiwe laini. Akasema kinachonyoa nguo kitanyoa uwanja.

#15 Babu_wa_Silinda
Marahaba. Basi ni nzee kuliko nilivyoisifia, umenisaidia.

#16 Siti_ya_Mbele
Babu nami shikamoo. Hiyo ninayo, nilirithi. Inalaza majani tu. Napita, yanainama, nikishapita yanasimama tena yananitazama.

#17 Babu_wa_Silinda
Marahaba mwanangu. Ulisema majani yanaficha viatu. Silinda haikati majani marefu, fremu ya mbele inayainamisha kabla kisu hakijafika. Ndiyo bei yake: lazima upite kila baada ya siku nne tano msimu wa mvua. Ukikosa wiki mbili, azima fyekeo kwanza.

#18 Nyundo_Moja
MMEONA?

#19 MamaUkoka
Hapo Babu yuko sawa, na ni sheria ya mashine zote: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Unataka sentimita 4, kata yakifika 6. Mtu wa kusafiri asinunue silinda.

#20 Waya_Mweusi
Mbona hamjagusa ya umeme wa waya? Nyepesi, haina betri ya kufa, inawaka kila siku. Tatizo ni mimi.

Ninayo ya wati 1,200. Mara ya kwanza nilianza mwisho wa ua nikawa narudi kuelekea kwenye soketi, maana yake waya wote ulikuwa umelala mbele yangu kwenye majani. Nikawa nausogeza kwa mguu. Kufika katikati simu ikaita, nikageuka kidogo, nikasikia *tak*, kimya. Nikadhani umeme umekatika. Nikaangalia chini: waya mweusi, ncha mbili, shaba imechomoza kwenye majani yenye umande, na mimi nimevaa malapa. Nikainama kuushika. Kwa bahati kikata-umeme cha ndani kilikuwa kimeshaanguka, la sivyo nisingekuwa naandika hapa. Jina langu humu limetoka siku hiyo.

Sasa naanzia karibu na soketi naenda mbele, waya unabaki nyuma kwenye sehemu niliyokwisha kata, umepita begani. Na nimenunua wa rangi ya chungwa.

#21 FundiKimya
@Waya_Mweusi shukuru. Kwa wengine: hakikisheni ile soketi inalindwa na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Fyuzi ya kawaida hailindi mtu, inalinda waya. Na ekstensheni ya kuzungushia kwenye gurudumu, ifungue yote hata kama unahitaji mita tano. Ikibaki imejikunja inapika moto ndani. Nimeziona zimeyeyuka zikawa kitu kimoja.

#22 Jirani_Mpya
Ahsanteni wote. Sasa nimechanganyikiwa vizuri zaidi. Nimepima njia: sentimita 58 kwenye bomba la maji. Ya 51 na tairi zake haipiti labda niibebe juu. Na ule mti je? Mizizi imetoka juu kama mishipa ya mkono wa mzee.

#23 Chuma_Chakavu
Pandisha kisu, pita.

#24 FundiKimya
Usipite. Kisu cha kuzunguka kikigonga mzizi, injini inataka kuendelea na kisu kimesimama. Kwenye injini nyingi ndogo kuna kii, kipande laini cha chuma kati ya shafti na flaiwili, lile gurudumu zito la injini. Kinakatika au kinapinda, kwa kuwa ni laini kuliko shafti. Baada ya hapo kamba inarudisha mkono kwa nguvu, au injini inapiga teke haiwaki. Watu wanabadilisha plagi, wanabadilisha kabureta, kumbe ni kii isiyozidi ukucha. Ukilikosa hilo, shafti yenyewe imepinda na mashine inatetemeka mpaka meno yanagongana. Hiyo ndiyo kwaheri.

#25 Trima_Tu
Ndiyo maana mimi nina trima ya begani, ile inayokata kwa kamba ya plastiki inayozunguka, na sina kingine. Inapita mizizi, inapita tuta, inapita ukutani, inaning'inia kwenye msumari chini ya ngazi. Mita 80 nakata yote.

#26 MamaUkoka
Na mti wako unaendeleaje?

#27 Trima_Tu
Ulikauka. Kwani vinahusiana?

#28 MamaUkoka
Ile kamba ikigonga shina kila wiki inamenya gome kuzunguka pande zote. Chakula cha mti kinashuka kupitia gome. Ukilikata duara zima, mizizi inakufa njaa polepole, miaka miwili mitatu unaona matawi ya juu yanakauka unasema ni mchwa. Weka duara la udongo mtupu au matandazo kuzunguka shina, kamba isifike. @Jirani_Mpya wewe pia, hiyo mizizi ifunike kwa matandazo, sahau kukata majani juu yake.

#29 Trima_Tu
Duh. Mimi nilimlaumu jirani.

#30 Nyundo_Moja
Na ua wa @Trima_Tu ukoje, una mawimbi kama bahari? Semeni ukweli.

#31 Trima_Tu
...una mawimbi.

#32 Mzungu_wa_Reli
Kwa anayelia nafasi ya kuhifadhi: hamjui ile ya kuelea? Haina tairi. Feni ndani inasukuma hewa chini, mashine inanyanyuka kidogo inateleza, unaipeleka kushoto kulia mbele nyuma. Inaenda chini ya vichaka, inazunguka tuta la nyoka bila kugeuzwa. Msweden Karl Dahlman aliibuni katikati ya miaka ya 1960, baada ya kuona vyombo vinavyoelea juu ya hewa alivyobuni Mwingereza Cockerell. Unaitundika ukutani kama sufuria.

Ubaya: nyingi ni za waya, na kwenye mteremko inateleza kwenda inakotaka yenyewe. Ukiishusha ovyo inanyoa duara.

#33 Kelele_Sitaki
Hiyo ya kuelea jirani yangu anayo, inalia kama inataka kupaa.

#34 Roho_Ya_Kesho
2026 bado mnasukuma? Roboti. Inakata milimita mbili tatu kila siku, hukusanyi chochote, hata hutoki nje. Husqvarna walitoa yao ya kwanza 1995, tena ya jua.

#35 Nyundo_Moja
Roboti kwa mita 80. Ni kama kukodi basi kwenda msalani.

#36 Roho_Ya_Kesho
Cheka tu. Nyingine unafukia waya kuzunguka mpaka wa ua, inajua isivuke. Nyingine zinaongozwa na satelaiti.

#37 Trima_Tu
Satelaiti ije kuona mawimbi yangu.

#38 Mama_Mawili
Samahani naingilia uzi, lakini nyie ndio mnaojua. Nina ya betri, miezi minane. Nilikata Jumamosi, Jumapili ua ulipendeza. Jumatatu jioni juu pamekuwa kahawia yote, kama karatasi ya zamani. Ni nini?

#39 FundiKimya
Kisu butu. Chuma jani moja, litazame ncha kwa karibu kwenye mwanga. Likiwa limekatwa vizuri ncha ni mstari. Likiwa limechanwa utaona nyuzi nyeupe zimening'inia kama kamba iliyofumuka. Hizo nyuzi zinakauka siku mbili, ua mzima unaonekana kahawia hata kama chini ni kijani.

Kunoa: toa betri kwanza (za petroli chomoa waya wa plagi), fungua kisu, kwa tupa fuata ule mwinamo wa kiwandani, upande wa juu tu. Usitafute ukali wa wembe, wa kisu cha mezani unatosha. Halafu kitundike kwenye msumari kwa tundu la katikati. Upande ukishuka, punguza huo huo upande. Kisu kisicho na mizani kinaua beringi.

#40 MamaUkoka
Au ulikata chini sana. Ukoka ukipitiliza unafika kwenye vijiti, na vijiti vina rangi hiyo hiyo. Ulikuwa umekaa wiki ngapi bila kukata?

#41 Chuma_Chakavu
Ni jua. Umekata mchana kweupe, majani mabichi yamebaki wazi, yameungua.

#42 Babu_wa_Silinda
Una mbwa?

#43 Mama_Mawili
Sina mbwa. Nilikata jioni. Wiki moja na siku mbili bila kukata. Nimechuma majani sita: mawili yana nyuzi, manne ncha zake safi kabisa. Na pembeni, kule ambako sikukata, kuna kahawia pia kidogo.

#44 FundiKimya
Manne safi? Hm. Basi labda kisu kimepinda upande mmoja.

#45 MamaUkoka
Kama na kusikokatwa kuna kahawia, si kisu. Angalia wadudu kwenye mizizi. Vuta fungu la majani: likitoka lote kama zulia, mizizi imeliwa.

#46 Daftari
Je, ulibadilisha mbolea wiki hiyo? Ikimwagika nyingi inaunguza.

#47 Mama_Mawili
Nitavuta nione. Mbolea hapana... ngoja nimuulize baba watoto.

#48 Trima_Tu
Turudi kwa mleta mada. Mashine ya petroli ile ya kushikilia lever wakati wote inachosha kidole. @Chuma_Chakavu wewe miaka 19 unafanyaje?

#49 Chuma_Chakavu
Nimeifunga kwa waya tangu mwaka wa kwanza. Inaenda yenyewe, naiacha naenda kusogeza kiti narudi.

#50 FundiKimya
Kaka, hapana. Hicho kishikio ndicho kinachosimamisha kisu ukiachia. Marekani tangu 1982 sheria inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuachia. Watu walikuwa wanapoteza vidole vya miguu, si kwa kupenda.

#51 Daftari
Nimepiga hesabu tena, mnisamehe. Kisu cha sentimita 40 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda kama mita 63 kwa sekunde. Ni kilomita 226 kwa saa. Jiwe likigongwa na hicho ni risasi. @Jirani_Mpya una mtoto: mkikata awe ndani, tena asisimame dirishani kuchungulia.

#52 Chuma_Chakavu
Nimesikia. Nimetoa waya. Kidole kimeshaanza kuuma, mfurahi.

#53 Siti_ya_Mbele
Mimi niulize ya kijinga. Ile ya petroli ukitaka kuangalia chini unailaza upande gani? Jirani aliilaza tu, ikakataa kuwaka, halafu ikatoa moshi mweupe mtaa mzima ukadhani nyumba inaungua.

#54 FundiKimya
Si ya kijinga, nusu ya wateja wangu ni hiyo. Chujio la hewa na kabureta viwe juu siku zote. Ukilaza upande wa kabureta, oili inaingia kwenye chujio na nyingine kwenye silinda. Mwambie abadilishe chujio la karatasi, atoe plagi aipanguse, avute kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, arudishe. Moshi utaisha baada ya dakika chache.

#55 Kelele_Sitaki
Ya betri nailaza upande wowote. Basi tu nimesema.

#56 Waya_Mweusi
Na majani yaliyokatwa? Mnakusanya kwenye kapu au mnaacha? Mimi nakusanya, yakibaki yanafanya lile godoro alilosema MamaUkoka.

#57 MamaUkoka
Hapana, godoro halitokani na hayo. Vipande vifupi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, vinaoza haraka, vinarudisha naitrojeni ardhini. Godoro ni mashina na mizizi ya ukoka wenyewe. Kusanya tu kama umekata marefu, yanaangukia mafungu yanafunika yaliyo chini. Kwa ua mdogo kapu linajaa haraka, kila dakika unasimama kulimwaga. Tafuta yenye kizibo cha kufunga mlango wa nyuma, majani yakatwekatwe mara mbili tatu humo humo.

#58 Waya_Mweusi
Miaka yote hii nabeba magunia.

#59 Jirani_Mpya
Wakuu mrejesho. Nimepima kwa futi kamba, si kwa hatua: 8.6 kwa 7. Nikitoa tuta na duara la mti nabaki na majani kama mita za mraba 50. Hatua zangu zinajisifu.

Jumamosi niliazima silinda ya mzee wa nyumba ya tatu. Nilifanya jaribio la gazeti la Babu, likakatika kwa kushoto, kulia likakunjika. Robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka likakatika lote, nikajisikia fundi. Nikaanza. Sauti yake ni nzuri sana, kama mkasi wa kinyozi, na mtoto alilala mwanzo mpaka mwisho. Ila kila ikikutana na kijiti kilichoanguka kutoka kwenye mti inasimama ghafla, kishikio kinanipiga tumboni. Nilisimama mara kumi na moja. Nusu ya ua nikaishia hapo.

Shemeji akaja Jumapili na fyekeo lake, akamaliza nusu ya pili bila kuniuliza. Sasa mke wangu anatazama dirishani anasema nusu ya kushoto ni zulia na nusu ya kulia ni kichwa cha mtoto aliyenyolewa na kaka yake.

#60 Nyundo_Moja
Kulia ndiyo ya fyekeo? Uliza tena vizuri.

#61 Babu_wa_Silinda
Pitisha reki kwanza, vijiti vyote vitoke, ndipo usukume. Niliona ni jambo la wazi ndiyo maana sikusema.

#62 Kelele_Sitaki
Mita 50? Ya betri, sentimita 33, kwa nini bado tunajadili.

#63 Chuma_Chakavu
Msimu wa mvua utarudi hapa. Nakusubiri.

#64 Jirani_Mpya
Mzee wa nyumba ya tatu amesema niendelee kuazima mpaka niamue. Kwa hiyo sijaamua. Shemeji ameacha fyekeo lake hapa chini ya ngazi, anasema kwa makusudi.

#65 Nyundo_Moja
Picha ya nusu zote mbili tafadhali.

#66 Mama_Mawili
Nimevuta fungu la majani, halikutoka. Baba watoto naye anasema alimwaga "kitu kidogo" kwenye ua Ijumaa lakini hakumbuki kopo lilikuwa limeandikwa nini. Kahawia bado ipo. Mwenye wazo jingine?